Gathoni wa Nani

Saa nne usiku, Ngara, maabara ya ghorofa ya pili.
Julai imepita chini ya mlango bila kubisha.
Seva inavuma. Nimekalia ndoo iliyopinduliwa,
kompyuta mapajani, koti sijalivua.

Kwa nyuma seva ina kadi mbili za mtandao.
Ya kushoto husikiliza mashine ya kuhesabu chembe za damu,
ya kulia, mashine ya kupima chumvi za mwili.
Wauzaji wawili wasiojuana,
na kila mmoja kiwandani kwake aliamua neno lilelile:
atakayepokea majibu yangu ataitwa 192.168.1.10.
Kisha wakafunga vifuniko, wakabandika karatasi ya dhamana:
ukifungua, shauri yako.

Basi kadi zote mbili nikazipa jina moja.
Mfumo haukulalamika, na hilo ndilo linaloniudhi.
Ungelia, ungegoma, ungeniandikia mstari mmoja mwekundu!
Uliandika jina kushoto, ukaliandika kulia,
ukanyamaza kama karani anayesubiri saa ya chai.

Tangu asubuhi mashine ya chumvi inabisha mlango wa kulia.
Hodi. Mfumo unasikia, unaandaa jibu,
unafungua daftari lake la njia, daftari moja tu,
mstari wa juu unasema: kushoto.
Karibu inatoka kwa mlango wa kushoto,
inaikuta mashine ya damu, ambayo haikuuliza kitu.
Kulia, hodi ya pili.
Hodi ya tatu.
Kisha taa ya njano, na Chelagat wa maabara
akinakili majibu kwa kalamu kwenye kiganja cha glavu.

Uthiru, kwa nyanya yangu, tulikuwa Gathoni watatu,
na yeye mwenyewe wa nne.
Kila mwanawe alimpa binti jina lake, ndiyo desturi,
kwa hiyo alipotuita alikuwa anajiita.
"Gathoni! Chumvi!"
Siku nyingine chumvi ilikuja pakiti tatu,
dukani wakatuandikia deni mara tatu.
Siku nyingine sote tulibaki tukiruka kamba,
kila mmoja akijua kwa hakika kwamba mwenzake ameenda,
na ugali ukaliwa na mboga chapwa, kimya,
mimi nikihesabu punje kwenye sahani.
Hakuna aliyebadilishwa jina. Nani angethubutu?
Mama zetu ndio waliochoka, wakaanza kuita kwa mlango:
Gathoni wa Mumbi.
Gathoni wa Nyaguthii.
Mimi, wa Wamaitha, nyumba ya mabati mapya.

Saa tano na robo. Nimeacha kubembeleza daftari moja.
Ndani ya seva nimejenga vyumba viwili,
ukuta katikati, kila chumba na kadi yake,
kila chumba na daftari lake la njia,
msikilizaji wake akiwa amefungiwa humo humo.
Chumbani kushoto kuna kumi mmoja tu. Kulia pia.
Hawaonani, hawana cha kugombania.
Kitakachoingia kwa mlango huu kitajibiwa kwa mlango huu.
Vidole vimekufa ganzi; nimekosea herufi mara mbili,
nikajitukana kwa lugha ya mama.

Hodi, kulia.
Karibu, kulia.
Taa ya njano imezimika, ya kijani imewaka,
na foleni ya kutwa nzima inamwagika kwenye skrini:
sodiamu, potasiamu, kloraidi, sampuli baada ya sampuli.
Chelagat amepiga kofi moja, glavu ikatoa sauti ya mvua.

Halafu amekunja uso, akasogea karibu na skrini.
Potasiamu iko juu mno, daktari lazima apigiwe sasa hivi.
Jina la mgonjwa: Gathoni.
Nafasi ya jina la pili: tupu.

"Wa nani?" nimeuliza.

"Wako wawili," amesema. "Wodi moja."
Tayari ameshika simu, na simu ya wodini inaita, inaita.

Nimevua koti.